Mlima Nyuma ya Jemadari: Kuisoma Taashira katika Picha za Viongozi wa Vita

Utangulizi

Kila mwalimu aliyewahi kusahihisha majibu ya fasihi anaifahamu sentensi hii: mlima ni taashira ya vikwazo. Mtahiniwa akiuona mlima katika shairi, ni vikwazo. Akiuona katika hadithi fupi, ni vikwazo. Hata mhusika akizaliwa mlimani, akaoa mlimani na kuzeekea huko kwa raha zake, bado mtahiniwa wetu ataandika vikwazo na kusubiri alama zake mbili. Kosa hili si lake peke yake. Sisi walimu ndio tuliomwandikia ubaoni: jua ni matumaini, giza ni ujinga, mto ni uhai, mlima ni vikwazo. Tumeigeuza taashira kuwa kamusi.

Makala haya yananuia kuonyesha udhaifu wa kamusi hiyo kwa njia ambayo huenda ikaonekana ya kuzunguka. Nitaviweka kando vitabu teule kwa muda ili nitazame picha, hasa za viongozi wa vita ambao mlima ni sehemu ya sura yao mbele ya umma. Wazo lenyewe lilitoka darasani. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikisoma tamthilia ya Mzalendo Kimathi na Kidato cha Tatu kama kitabu cha ziada. Nikabandika ukutani picha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Napoleon juu ya farasi milimani Alps, niliyoikata kutoka kalenda kuukuu. Ya pili ilikuwa ile ya Dedan Kimathi akiwa amelazwa chini baada ya kukamatwa. Nilitaka tu wanafunzi wataje sifa za wahusika kutokana na mavazi na mikao yao. Mwanafunzi mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono. "Mwalimu, huyu Mfaransa alipita tu mlimani na amepewa mlima mzima. Kimathi aliishi huko miaka, na hana hata jiwe. Mlima wake umeenda wapi?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nilimwambia ni swali zuri, jambo ambalo sisi walimu husema tunapotaka kengele ilie.

Mlima wa David

Tuanze na Napoleon, maana picha yake ndiyo iliyowafundisha wengi jinsi jemadari anavyopaswa kuonekana akiwa mlimani. Mchoraji wake ni Jacques-Louis David, Mfaransa aliyekwisha kupata jina kubwa, na ambaye miaka michache kabla ya hapo alikuwa ametiwa jela baada ya kuanguka kwa rafiki yake Robespierre mwaka 1794. Alijua gharama ya kuwa upande ulioshindwa. Toleo la kwanza lilikamilika mwaka 1801 kwa agizo la Mfalme Charles wa Nne wa Hispania. Napoleon alipopata habari akataka picha zake mwenyewe, na kufikia mwaka 1805 kulikuwa na matoleo matano. Leo yamo Malmaison na Versailles nchini Ufaransa, Berlin na Vienna. Si picha ndogo: ile ya Malmaison ina kimo cha takriban mita 2.6, yaani inaupita mlango wa darasa lako. Mwalimu asiye na nakala ataipata kwa urahisi katika intaneti, na ingefaa aitazame kabla ya kuendelea.

Farasi amesimama kwa miguu ya nyuma, macho yamemtoka, kinywa ki wazi. Aliyempanda ametulia kana kwamba yuko sebuleni kwake. Mkono mmoja umeshika hatamu. Mwingine, usio na glavu, umeinuliwa kuonyesha juu. Joho kubwa linapepea. Katika toleo la Malmaison lina rangi inayokaribia ya chungwa, na katika lile la Berlin ni jekundu. Nyuma yake ni miamba, theluji na mawingu mazito. Na chini, nyuma ya miguu ya farasi, wamo askari wadogo kama siafu, wakihangaika na mizinga.

Historia inasimulia vingine. Mnamo Mei 1800, Napoleon, ambaye wakati huo alikuwa Konsuli wa Kwanza na wala si mfalme bado, alivusha jeshi la watu wapatao 40,000 kutoka Uswisi hadi Italia kupitia kipito cha Great St Bernard ili awavamie Waustria kutoka mahali wasipomtarajia. Kipito hicho kina kimo cha mita 2,469. Kwa msomaji wa hapa kwetu, hiyo ni takriban nusu ya Point Lenana, ambako wanafunzi wa klabu za wapanda milima hufika kila mwaka na kurudi na mafua. Ugumu haukuwa katika kimo. Ulikuwa katika theluji na mizinga. Mizinga ilivuliwa magurudumu, ikalazwa ndani ya magogo yaliyochongwa mfano wa mitumbwi, kisha askari wakafungwa kamba na kuiburuta wenyewe hatua kwa hatua.

Napoleon mwenyewe alipanda tarehe 20, baada ya sehemu kubwa ya jeshi kuvuka. Hali ya hewa ilikuwa nzuri, hakukuwa na tufani. Wala hakupanda farasi. Alipanda nyumbu, yaani baghala, yule mtoto wa punda na farasi (si nyumbu wa Maasai Mara, kama alivyodhani mwanafunzi wangu mmoja, ingawa nakiri picha hiyo ingependeza), naye mwenyeji wa kijiji cha karibu alitangulia akimwongoza mnyama huyo kwenye njia nyembamba. Mtu mwenye akili timamu hapandi farasi wa vita mahali pa kuteleza. Katika kushuka, taarifa rasmi ya jeshi lake yenyewe ilieleza kwamba alishuka akiteleza juu ya theluji. Jemadari aliyeteremka kama mtoto anayecheza kwenye kilima cha udongo!

David hakuyaona hayo. Picha ilichorwa Paris, ndani ya chumba cha kazi. Napoleon alikataa hata kukaa achorwe, akishikilia kwamba hakuna anayejali kama picha za wakuu zinafanana nao, bora roho yao ionekane. Alichotaka ni kuonyeshwa akiwa mtulivu juu ya farasi mkali. Basi David akaazima sare na kofia ya vita vya Marengo, akampandisha mwanawe juu ya ngazi ili akae mkao wa mpanda farasi. Ukiitazama picha hiyo sasa, kumbuka kuwa chini ya yule jemadari kulikuwa na kijana aliyekalia ngazi.

Sikusudii kusema kwamba David alidanganya, tukaishia hapo. Mwanafunzi akifika hapo hufurahi sana, kana kwamba amemkamata mwizi. Lakini mwandishi wa riwaya naye hubuni, nasi hatumwiti mwongo. Tunauliza ameteua nini na ameacha nini. Swali letu liwe hilo hilo kwa mchoraji. Kwa nini aliondoa nyumbu akaacha mlima?

Jaribu kuuondoa mlima. Anabaki mtu aliyepanda farasi aliyeshtuka, na mtazamaji atamwonea huruma. Mlima ndio unaogeuza mshtuko wa farasi kuwa ushujaa wa mpandaji. Hapa ndipo kamusi yetu inapokwama. Je, mlima huu ni kikwazo? Kwa nani? Napoleon hatoki jasho. Buti zake hazina tope. Hauoni uso unaokabili shida, unaona uso unaotazama watazamaji. Kwake yeye mlima ni jukwaa. Umechorwa ili umwinue, kama vile kigoda kinavyomwinua chifu mbele ya baraza. Lakini rudi kwa wale siafu walio chini. Kwao wanaoburuta mizinga, mlima ni kikwazo hasa, kikwazo cha kuvunja mgongo. Katika picha moja mlima mmoja una maana mbili, na kinachozitenganisha maana hizo ni cheo cha anayeukanyaga. Mtahiniwa anayeandika kwamba mlima ni taashira ya vikwazo bila kusema ni vikwazo vya nani amejibu nusu ya swali.

Kuna jambo la pili ambalo watu wengi hulipita. Chini kwenye kona ya picha, miamba ina maandishi. Jina la Bonaparte limechongwa waziwazi. Chini yake, yakiwa yamefifia, yamo majina ya Hannibal na Karolus Magnus, yule tumwitaye Charlemagne. Hannibal wa Carthage alivuka Alps mwaka 218 kabla ya Kristo akiwa na tembo. Charlemagne alivuka mwaka 773 akienda kuwapiga Walombardi. Kwa hiyo mlima huu ni daftari pia. Unaweka kumbukumbu ya wakuu waliopita, na jina jipya limeandikwa juu ya yale ya kale kabla wino haujakauka. Ikumbukwe kwamba kando ya jina la Charlemagne kuna kifupi cha neno la Kilatini la cheo cha kaizari. Napoleon alitawazwa kuwa kaizari tarehe 2 Desemba 1804. Tukitumia istilahi zetu, mwamba ule ni kionjo: unamdokezea mtazamaji jambo litakalokuja, miaka mitatu kabla.

Halafu tuulize mlima umeficha nini. Hannibal alishinda mapigano mengi lakini mwishowe alishindwa, huko Zama, mwaka 202 kabla ya Kristo. Njia aliyoipita milimani bado inabishaniwa na wanahistoria hadi leo. Mwamba hausemi hayo. Vita vya Marengo vya tarehe 14 Juni 1800, ambavyo safari ile ilikuwa maandalizi yake, vilikaribia kumshinda Napoleon mchana. Aliokolewa jioni na kikosi cha Jenerali Desaix, ambaye aliuawa papo hapo kwa risasi. Desaix hana jina kwenye mwamba. Jiwe lililochongwa huonekana kama ushahidi usio na upande, kwa sababu jiwe halisemi uongo. Aliyeshika patasi ndiye mwenye upande.

Nyumbu arejeshwa

Karibu nusu karne baadaye, Mfaransa mwingine, Paul Delaroche, alichora safari ile ile upya. Mmoja wa michoro yake hiyo umo katika jumba la sanaa la Walker mjini Liverpool na ni wa mwaka 1850. Napoleon alikuwa amekwisha kufa mwaka 1821 akiwa mfungwa kisiwani St Helena, na hapakuwa tena na mtu wa kuagiza autulivu juu ya farasi mkali.

Delaroche alimrudisha nyumbu. Alimrudisha pia mwongozaji, mwanakijiji aliyeshika fimbo na kutangulia mbele. Napoleon amevaa koti la kijivu juu ya sare, mkono mmoja ameutia ndani ya nguo kifuani, uso umechoka na mawazo yako mbali. Hakuna joho linalopepea. Theluji ni theluji na mwamba ni mwamba, tena mwamba mtupu usio na jina la mtu.

Nilipowaonyesha wanafunzi picha hii, wengi waliipenda kuliko ile ya kwanza, jambo ambalo sikulitarajia. Msichana mmoja alisema kwamba katika picha ya David mlima unamtumikia mtu, na katika hii mtu anauomba mlima ruhusa. Nimeona wahakiki wakubwa wakitumia kurasa tatu kufika hapo.

Hapa, kwa haki, yule mtahiniwa wa vikwazo apewe alama zake. Katika mchoro wa Delaroche mlima ni kikwazo kweli, kwa jemadari na kwa mnyama. Hata hivyo tusidhani kwamba Delaroche alichora ukweli mtupu na David akachora ndoto. Delaroche naye hakuwako, na yeye pia aliteua. Huzuni ya uso ule ni ya mtu aliyekwisha kushindwa Waterloo, ilhali mwaka 1800 Waterloo ilikuwa bado miaka 15 mbele. Mchoraji amempa kijana wa miaka 30 majonzi ya uzee wake. Uhalisia nao ni mtindo, wala si dirisha.

Jambo lililonigusa zaidi ni yule mwongozaji. Simulizi za bonde lile zinasema kwamba njiani alimweleza abiria wake ndoto zake ndogo, nyumba na kipande cha shamba, bila kujua anazungumza na nani, na kwamba baadaye Napoleon alimtimizia. Iwe ilikuwa hivyo hasa au imetiwa chumvi kidogo, tazama jinsi kisa kinavyobadilika mara tu mtu wa pili anapoingia kwenye picha. Mlima unakuwa mahali ambapo watu huishi, hulima na kujua njia. Katika picha ya David mlima hauna wenyewe.

Jina juu ya jiwe

Mtu anaweza kudhani kwamba mambo haya yaliisha na makaizari wa Ulaya. Hayakuisha. Katika Korea Kaskazini, Mlima Paektu, wenye kimo cha mita 2,744, ndio uliokuwa nyuma ya viongozi wa ukoo wa Kim kwa miongo mingi. Sanamu kubwa ya Kim Il Sung iliyosimamishwa Pyongyang mwaka 1972 ina nyuma yake ukuta wenye picha ya mlima huo. Kuhusu mwanawe, Kim Jong Il, maelezo rasmi yanadai alizaliwa mwaka 1942 katika kambi ya siri ya wapiganaji mlimani Paektu. Kumbukumbu za Kisovieti zinaonyesha alizaliwa mwaka 1941 katika kijiji kilicho karibu na Khabarovsk, ndani ya Urusi, ambako baba yake alikuwa amekimbilia. Na mwaka 1988 jina lake lilichongwa kwa herufi kubwa mno juu ya jabali la huko. Kile David alichokichora kwa rangi kilifanywa kwa patasi juu ya mlima wenyewe. Mnamo Oktoba 2019 zikatolewa picha za mjukuu, Kim Jong Un, akiwa mlimani humo kwenye theluji, amepanda farasi mweupe.

Angalia tofauti yake na Alps. Napoleon aliupita mlima. Ukoo wa Kim unasema umetoka ndani yake. Huko Alps mlima ulikuwa jukwaa, huku ni tumbo la uzazi. Wala si bahati: anayetaka kuonekana mshindi huhitaji mlima wa kuvuka, na anayetaka kurithisha madaraka huhitaji mlima wa kuzaliwa.

Mlima usioonekana

Sasa nirudi kwa swali la mwanafunzi wangu. Mlima wa Kimathi ulienda wapi?

Kwanza turekebishe jambo moja ambalo hata baadhi ya walimu hulichanganya. Ngome ya Kimathi ilikuwa misitu ya Nyandarua. Misitu ya Mlima Kenya ilikuwa chini ya Waruhiu Itote, Jenerali China, hadi alipokamatwa Januari 1954. Lakini Kirinyaga uliwahusu wote, kwa kuwa kwa imani ya Wagikuyu ndiko aliko Ngai, na wapiganaji waliomba wakiuelekea. Mlima huu haukuwa wa kuvukwa wala wa kuchongwa jina. Ulikuwa wa kuelekewa. Jomo Kenyatta aliifahamu nguvu ya mwelekeo huo alipokiita kitabu chake cha mwaka 1938 kwa jina la mlima. Katika picha yake maarufu ndani ya kitabu hicho amevaa vazi la manyoya na kugusa ncha ya mkuki kwa kidole. Yeye hakuwa jemadari, lakini mkuki ulisema alichotaka kusema, na mlima ukaachiwa kazi ya jalada.

Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akiwa amejeruhiwa kwa risasi kwenye ukingo wa msitu karibu na Nyeri. Hapo ndipo ilipopigwa ile picha tunayoijua sote: amelala, amefungwa pingu, nywele zimesokotana, amevaa ngozi ya chui, nao watu wamesimama wakimtazama kwa juu. Sidai kwamba mpigapicha alikaa chini akawaza kuhusu taashira. Mtu aliyejeruhiwa hulazwa, na anayempiga picha akiwa amesimama atamtazama kutoka juu. Ila serikali ya kikoloni, iliyoieneza picha hiyo, ilijua inafanya nini. David alimwinua mtu kwa kumwekea mlima chini yake. Hapa aliyeogopewa kwa sababu ya mlima alionyeshwa akiwa ametolewa mlimani, amelazwa, usawa wa macho yake ukiwa chini ya magoti ya walinzi. Kukosekana kwa mlima ndiyo taashira yenyewe. Tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa Kamiti, akazikwa bila alama ya kaburi.

Baada ya miaka 50 kamili, tarehe 18 Februari 2007, sanamu yake ilizinduliwa Nairobi katika barabara inayoitwa kwa jina lake. Amesimama, ana bunduki na kisu, amevaa kivita. Ni kazi nzuri, na kila nikipita nao huko wanafunzi hupigana kupigwa picha wakiwa wameiegemea. Amerudishiwa kimo chake. Lakini aliyewahi kuitazama atakubaliana nami kwamba msingi wa jiwe aliosimama juu yake ni badala ya mlima, na kwamba juu ya jiwe hilo yuko peke yake, kama Napoleon wa David. Nyumbu na mwongozaji hawapo.

Ni tamthilia, wala si sanamu, iliyowarudisha. Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo walipoandika mchezo wao wa mwaka 1976, ambao ndio Mzalendo Kimathi katika Kiswahili, hawakuanza na jemadari kileleni. Walimweka mahakamani na seli, kisha wakampa nafasi kubwa Mwanamke anayebeba mkate uliofichwa bunduki, pamoja na Mvulana na Msichana wanaojifunza kutoka kwake. Mtahiniwa anayeulizwa kuhusu nafasi ya mwanamke katika tamthilia hii akumbuke picha ya Delaroche. Mwanamke yule ndiye mshika hatamu, ndiye anayejua njia.

Si ubunifu mtupu. Wapiganaji waliishi kwa chakula, dawa na habari zilizotoka vijijini, nyingi zikipitia mikononi mwa wanawake. Waingereza walilijua jambo hilo kuliko baadhi ya wahakiki wetu. Kuanzia mwaka 1954 waliwahamishia watu katika vijiji vilivyozungushiwa ulinzi, na kando ya msitu wa Mlima Kenya wakawalazimisha wanavijiji kuchimba mtaro wa takriban maili 50, yaani kilomita 80, ili kumtenga aliye juu na wanaomlisha. Ndege zao zilikuwa zimeshaangusha mabomu mengi msituni bila mafanikio makubwa. Mtaro ulikuwa na maana zaidi.

Wenzangu wa Pwani huniuliza kwa nini shujaa wao, Fumo Liyongo, hana mlima. Katika utenzi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, Liyongo hapandi popote. Ni mrefu na mwenye nguvu za kupita kiasi, hubeba mkobani vyombo vya nyumba nzima, na anapokufa kwa sindano aliyochomwa na mwanawe huganda kwa goti moja kisimani, upinde mkononi, hata watu wakashindwa kumkaribia kwa siku kadhaa. Mwili wake ndio mlima. Kwenye nchi tambarare ya mikoko na mchanga, mtunzi hana jiwe la kumsimamishia jemadari, basi humrefusha mwenyewe. Zaidi ya hapo sitaingia, kwa kuwa Liyongo anastahili makala yake peke yake.

Muhula uliofuata yule mwanafunzi wa kiti cha nyuma alirudi na karatasi ya kuchorea. Likizoni alikuwa amemuuliza mama yake mkubwa wa ukoo, bibi aliyepita miaka 80, kama aliwahi kumwona Kimathi. Bibi akasema hapana, hakumwona yeye wala jenerali yeyote. Alichimba mtaro akiwa msichana, na mlima aliuona jioni tu, waliporuhusiwa kunyoosha mgongo. Mvulana alikuwa amechora picha yake kwa penseli. Mlima uko mbali, mdogo kama kidole gumba. Karatasi yote iliyobaki ni mtaro, na mistari ya watu walioinama ndani yake, na kona ya chini, kwenye jiwe moja, alikuwa ameandika majina. Nilihesabu 14, yote ya wanawake wa kijiji chao. Sikujua nimpe alama ngapi, kwa sababu karatasi ya fasihi haina swali la kuchora. Niliibandika ukutani, katikati ya zile mbili.